Nilipigania ruti za mizigo mizito, sasa nina mimba. Niseme au ninyamaze?

Shikamoo mama,

Naomba usitaje jina langu wala mahali ninapoishi. Kazi ninayoifanya wanawake ni wachache, nitajulikana mara moja.

Mimi ni dereva wa kusambaza vifurushi katika kampuni ya usafirishaji. Naendesha gari dogo la mizigo, na siku magari yasipotosha napewa pikipiki yenye sanduku. Pale bohari madereva wanawake tulikuwa wawili. Mwenzangu aliacha, nikabaki peke yangu. Kazi naipenda, mama. Napenda kuijua mitaa, napenda kuona mzigo ukipungua nyuma ya gari kadiri siku inavyokwenda, na kukaa ofisini siwezi.

Malipo yetu yako hivi: kuna mshahara wa msingi, mdogo, halafu kila kifurushi kinachofika kina hela yake. Mizigo mizito kama friji, majiko na mashine za kufulia ina posho. Ruti ndefu za jioni nazo zina posho. Anayepanga ni msimamizi wa zamu. Asubuhi anabandika karatasi ukutani na kila mtu anatafuta jina lake. Langu silitafuti, nalijua lilipo: katikati ya mji, bahasha na maboksi madogo, ofisi kwa ofisi. Huko kuna foleni, maegesho hakuna, ngazi hazina mwisho, na hela ni kidogo. Jioni narudi nimechoka kama wenzangu, ila mwisho wa mwezi wananiacha mbali.

Nilipomuuliza alinijibu kwa upole: "Dada, mimi nakulinda. Ukipata tatizo usiku huko mbali, mumeo nitamwambia nini?" Si mtu mkali. Kila asubuhi ananiulizia hali ya mtoto. Angekuwa ananitukana ningejua la kumjibu, lakini huyu ananiwekea mkono begani huku ananipunguzia kipato.

Wateja nao wana yao. Wapo wanaofungua mlango, wakaangalia nyuma yangu, wakauliza dereva yuko wapi. Hao nimewazoea. Lakini alikuwepo mmoja, kila nikimpelekea mzigo lazima aseme niuingize mpaka ndani. Siku moja alifungua akiwa amejifunga taulo, na nilipomnyooshea simu asaini, akanishika kifundo cha mkono akakishikilia. Nilijinasua nikaondoka. Nikatoa taarifa. Msimamizi alisikitika kweli, kisha akaniondoa kwenye ruti ile, ambayo ndiyo iliyokuwa na afadhali. Mteja yule mpaka leo anaagiza na anapelekewa.

Ndipo nikaamua kupigania. Kuna dereva wa siku nyingi, tunamwita Mzee, alinifundisha kubeba: unakunja magoti, mgongo unabaki wima, mzigo unaukumbatia, na mkanda unapita chini ya friji kabla ya kunyanyua. Nilianza kupakia naye asubuhi ili kila mtu aone. Nikamwambia msimamizi mbele ya watu kwamba hakuna mzigo wanaoubeba wao ambao mimi siubebi. Wengine walicheka, wengine walipiga makofi. Nikamwandikia meneja barua kuomba niingizwe kwenye mzunguko wa ruti zote. Mama, alikubali. Akasema atanijaribu kuanzia mwezi ujao, na nikifanya vizuri nitapewa ajira ya kudumu, maana hadi sasa niko kwenye mkataba wa muda unaohuishwa kila unapoisha.

Wiki iliyopita nimepima, nina mimba. Tuliitaka. Kabla ya hii kuna nyingine iliyoharibika, na sijaisahau.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikisema, nitakuwa nimewapa neno. "Si tulisema?" Nawasikia kabisa. Na mwanamke atakayeomba kazi baada yangu atasimuliwa habari zangu. Nikinyamaza nikabeba, naogopa. Mume wangu anataka niache kazi nikae nyumbani mpaka nijifungue. Rafiki yangu anasema nihamie kwenye hizi programu za simu za kupeleka chakula na vifurushi, huko hakuna msimamizi, na simu haijui kama wewe ni mwanamke. Mzee hajaniambia kitu kwa sababu sijamwambia.

Niseme sasa, nisubiri mkataba, au niache?

Dereva mwenye mawazo

*

Marahaba binti yangu,

Kwanza hongera. Katika barua nzima hiyo mimba umeitaja kama kikwazo, na naelewa kwa nini, lakini umesema mliitaka. Basi acha mtu mmoja akupongeze kabla hatujaanza kuhesabu hasara. Na pole kwa ile iliyotangulia.

Nikikusoma vizuri, tatizo lako liko hivi. Kwa muda mrefu umekuwa ukinyimwa kazi yenye hela kwa sababu ya jinsia yako, tena na mtu anayeamini anakutendea wema. Ulipoguswa na mteja, aliyehamishwa ukawa wewe. Ukaamua kuwaonyesha kwamba unaweza, mlango ukafunguka, na mlango ulipofunguka tu mwili wako ukaanza kazi nyingine inayohitaji uangalifu. Sasa unaona kama lazima uchague kati ya mtoto na heshima uliyoipigania.

Nataka tukiangalie hicho unachokiita "neno" utakalokuwa umewapa. Rudi kwenye maelezo yako mwenyewe. Mkanda unapita chini ya friji kabla ya kunyanyua. Mkanda ule una ncha mbili, na upande wa pili kuna mtu. Hata Mzee, na uzoefu wake wote, friji habebi peke yake. Kwa hiyo ulipokuwa unadai ruti, ulikuwa unadai jina lako liingie kwenye mzunguko kama la mwingine yeyote, pamoja na msaidizi, mkanda na troli ambavyo kila dereva anapewa. Nguvu zako zilikuja kuingizwa humo kwa sababu wao ndio walioanza kuzitilia shaka. Ulijibu swali walilouliza, na ulilijibu vizuri, lakini si lazima ubaki unalijibu miezi tisa ijayo.

Nikuulize: dereva wa kiume akiteguka mgongo hapo kwenu, anafanywaje? Sijui jibu, wewe unalijua au unaweza kulipata kwa Mzee. Kama huwa anawekwa kwenye bahasha kwa muda, halafu akipona anarudi kwenye ruti yake na hakuna anayesema wanaume hawaiwezi kazi, basi utaratibu wa kumpunguzia mtu mzigo kwa muda upo tayari. Utakuwa unaomba kilekile wanachopewa wengine.

Swali hilo liliwahi kufika Mahakama ya Juu ya Marekani, na aliyelifikisha alikuwa dereva wa vifurushi kama wewe. Anaitwa Peggy Young, alikuwa akifanya kazi UPS, kampuni ya kusambaza vifurushi. Mwaka 2006 alipata mimba baada ya kuharibikiwa hapo awali, na kwa wiki 20 za kwanza akaambiwa asinyanyue zaidi ya kilo 9 hivi. Kampuni ilitaka dereva aweze kunyanyua hadi kilo 32 hivi, ingawa yeye aliendesha zamu ya asubuhi na sehemu kubwa ya mzigo wake ilikuwa barua na vifurushi vyepesi. Wakamwambia hawezi kufanya kazi akiwa na kikomo hicho. Akakaa nyumbani bila mshahara, na bima ya afya ya kazini akaikosa. Wakati huohuo kampuni ilikuwa ikiwapunguzia kazi walioumia kazini, na hata madereva waliopoteza sifa za kisheria za kuendesha walitafutiwa kazi nyingine. Mwaka 2015 majaji 6 kati ya 9 waliamua kwamba mahakama za chini zilikosea kuitupa kesi yake. Hawakumpa ushindi pale pale, waliirudisha isikilizwe upya, lakini swali walilolitia mkazo ni hili: kama mnawapunguzia wafanyakazi wengi wa aina nyingine, kwa nini mjamzito asipunguziwe? Kabla ya hukumu kampuni yenyewe ilikuwa imeshabadili utaratibu wake.

Sikusimulii ili uende mahakamani. Young alisubiri miaka mingi, na sheria ya Marekani haiko kwenu. Nimekusimulia kwa sababu unaogopa utaonekana mtu anayedai usawa leo na upendeleo kesho, wakati hoja yake ilikuwa palepale kwenye usawa tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa msimamizi wako. Umesema ni mpole, na mimi sina sababu ya kukukatalia. Inawezekana kabisa anaogopa kwa dhati. Hata sheria za kazi zilipita njia hiyo: Mkataba namba 127 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1967, unaagiza uzito wa juu anaopangiwa mwanamke uwe mdogo kwa kiasi kikubwa kuliko wa mwanamume. Waliouandika hawakuwa na nia mbaya. Lakini mahali ambapo mzigo mzito ndio wenye posho, kumkinga mtu na mzigo ni kumkinga na pesa pia, na yeye hakuulizwa. Jambo la kumrudisha nalo mezani ni hilo la kuulizwa. Labda hajawahi kuwaza kwamba angeweza kukuambia, "Dada, ruti ile ina giza, tufanyeje?" na wewe ukawa na mapendekezo.

Kuhusu yule mteja sitakuwa mpole. Kukushika mkono na kukuzuia ni unyanyasaji, na ulinzi uliopewa ulikutoza wewe faini yake. Mkataba namba 190 wa shirika hilohilo, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2021, unahesabu ukatili na unyanyasaji katika ulimwengu wa kazi kwa mapana, na unataka hata ule unaofanywa na watu wa nje uzingatiwe, wateja wakiwemo. Nchi yenu huenda imeuridhia au haijauridhia, ila mwajiri yeyote anaweza kuamua kwamba mteja wa aina hiyo achukue mzigo wake kaunta, au apelekewe na watu wawili. Je, uliwahi kuwaambia ungependa wafanye nini? Nakuuliza bila kukulaumu. Mara nyingi taarifa hupokelewa, halafu suluhisho hutungwa na mtu ambaye hakuwepo mlangoni.

Tuje kwenye njia zilizo mbele yako.

Kunyamaza mpaka mkataba usainiwe kuna mantiki yake, na wanawake wengi wenye akili timamu wamefanya hivyo. Uliyewahi kupoteza mimba, ukitaka kuiweka siri miezi ya mwanzo, hiyo ni haki yako. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaolinda uzazi kazini, unazitaka nchi zilizouridhia kuzuia waajiri kumdai mwombaji wa kazi kipimo cha mimba, isipokuwa kwa kazi chache zenye hatari. Ila siri hii ina gharama mbili ambazo sioni kama umezihesabu. Ya kwanza, mwezi wa majaribio ndio hasa mwezi wa kubeba, na wewe mwenyewe umesema unaogopa. Ya pili ni ya kisheria: mahali pengi ulinzi wa mjamzito huanzia pale mwajiri anapojua. Mkataba wako wa muda ukiisha usihuishwe, na hakuna karatasi inayoonyesha walijua, itakuwa vigumu sana kudai kwamba mimba ndiyo iliyokuponza. Mikataba ya muda ndiyo mwanya mkubwa katika mambo haya. Kumfukuza mjamzito kuna makatazo, kumwacha mkataba wake uishe kimyakimya ni rahisi zaidi.

Kusema nako kuna hatari, nisikudanganye. Anaweza kukurudisha katikati ya mji moja kwa moja, kwa huruma ileile. Anaweza kukushauri uanze likizo mapema isiyo na malipo. Ukichagua njia hii, namna utakavyosema ina uzito wake. Nimeona katika barua yako vitu viwili vimefungwa pamoja: ruti ndefu na mizigo mizito. Msimamizi alivifunga, na umevipokea hivyohivyo. Lakini ruti ndefu ya jioni yenye vifurushi vidogo ina posho yake bila friji hata moja, na kama daktari hana pingamizi, kwa nini usiombe hiyo? Pengine ombi lako lingekuwa hivi: naomba nibaki kwenye mzunguko, nina kikomo cha kilo kadhaa hadi tarehe fulani kwa barua ya daktari, naomba gari badala ya pikipiki kwa kipindi hicho, na majaribio ya mizigo mizito yaahirishwe mpaka nirudi. Neno "yaahirishwe" lazima liwemo kwenye karatasi, nakala ibaki kwako, na ipelekwe kwa meneja aliyekuahidi, maana msimamizi hakukuahidi kitu.

Rafiki yako anasema simu haijui jinsia. Mwaka 2018 wachumi walitoa uchunguzi juu ya madereva zaidi ya milioni moja wa Uber nchini Marekani, ambako wakati huo kanuni ya malipo ilikuwa moja kwa wote. Wanaume walikutwa wakipata karibu asilimia 7 zaidi kwa saa. Waliendesha kwa kasi kubwa kidogo, walikuwa wamekaa kwenye kazi ile muda mrefu wakazijua saa na sehemu zenye hela, na walikwenda zaidi kwenye maeneo yenye uhalifu na baa nyingi. Hao walikuwa wakibeba abiria, vifurushi vina hesabu yake, lakini uone jinsi ile hofu ya usiku inavyoweza kumfuata mwanamke hadi ndani ya programu, na huko hakuna hata msimamizi wa kumwandikia barua. Likizo ya uzazi mara nyingi hakuna, kwa kuwa unahesabiwa umejiajiri. Choo nacho ni tatizo, na kwa mjamzito si dogo: New York ilibidi itungwe sheria, iliyoanza 2022, ili mikahawa iwaruhusu wapeleka chakula kutumia vyoo vyake. Kwa upande mwingine, siku ukiamka na kichefuchefu unaizima simu ukalala, na hicho ni kitu ambacho kampuni haikupi. Wapo wanaofanya hivyo kwa miezi michache wakijua ni ya kupita. Swali ni kama ukitoka sasa, nafasi ile utaikuta.

Mumeo hujanieleza anaogopa nini. Umeniambia tu anataka nini. Yeye pia alipoteza mtoto yule. Kabla hamjabishana kuhusu kazi, mwulize hilo moja na umwache amalize. Huenda anachohitaji ni kusikia kwamba hutapanda pikipiki wala kunyanyua friji, na neno "acha" likalegea. Huenda pia hatalegea, na hapo mtakuwa na mazungumzo mengine, ya hela za nyumba zitatoka wapi na wewe kurudi kazini kutaamuliwa na nani.

Halafu yule mwanamke atakayekuja baada yako. Nimeguswa kwamba ulimfikiria katikati ya shida zako. Lakini huyo mzigo umejitwika mwenyewe, na ni mzito kuliko mashine ya kufulia. Wanaume wa pale bohari wanaumwa, wanachelewa, wanagonga magari, na kila mmoja anahesabiwa yeye peke yake. Wewe pia una haki ya kuhesabiwa hivyo. Na kama lazima asimuliwe habari zako, sidhani kwamba dereva aliyeomba kupunguziwa kwa muda, akapewa kwa maandishi, akarudi kwenye ruti yake, ni habari mbaya ya kumwachia.

Wakati unafikiri, anza kupiga picha ile karatasi ya ukutani kila asubuhi, uihifadhi pamoja na hati zako za malipo. Haitakulazimisha kulalamika, ila siku ukitaka kuzungumzia ruti utakuwa nayo. Tafuta afisa kazi au chama cha wafanyakazi uulize sheria ya kwenu inasemaje kuhusu mkataba wa muda na mimba, uulize bila kutaja kampuni ukipenda. Mzee, kama unamwamini kiasi hicho, anaweza kuwa wa kwanza kuambiwa pale kazini, kwa sababu yeye ndiye anayeshika ncha ya pili ya mkanda na ataona ukisita.

Na kabla ya yote hayo nenda kliniki, hasa kwa historia uliyonayo. Ukifika usiseme tu kwamba wewe ni dereva, watafikiri unakaa kitini siku nzima. Waeleze unanyanyua kilo ngapi, mara nyingi kiasi gani, ngazi unazopanda, pikipiki, na saa unazokaa bila kupata choo. Barua watakayokuandikia itakuwa na faida kulingana na maelezo utakayowapa.

Mshauri wako